Lugha ya Msimulizi katika Filamu Fupi za Historia kwa Watoto Wadogo: Mfano wa Masii

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi filamu fupi za historia zinavyoagizwa kwa ajili ya watoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi, na hasa mahali pa lugha katika uagizaji huo. Kwa neno kuagiza nina maana ya kazi yote itanguliayo kamera: kuchagua kisa, kuandika waraka wa maagizo, kupatana na mtengenezaji, kuusoma muswada, kuukubali au kuukataa. Mambo haya huzungumzwa zaidi na wahasibu na mafundi wa picha kuliko na watu wa lugha. Mwanalugha huitwa mwishoni, picha zikiwa zimekwisha kukatwa na kuunganishwa, akaambiwa, "Tutilie Kiswahili hapa." Hoja yangu ni kwamba wakati huo amekwisha kuchelewa. Uamuzi ulio mkubwa kupita yote katika filamu ya historia, yaani nani alimtenda nani jambo gani, hufanywa katika kitenzi. Na kitenzi kikishachaguliwa na mtu mwingine, hata picha hukifuata.

Mfano wangu watoka Masii, mji mdogo wa soko katika Machakos, kando ya barabara itokayo mjini Machakos kuelekea Wamunyu na Kitui. Walimu wa shule chache za jirani, pamoja na wazazi, walichanga fedha ili watengenezewe filamu tatu, kila moja ya dakika tano, kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Ya kwanza ilikuwa juu ya maandamano ya mwaka 1938, ya pili juu ya matuta ya mashambani, na ya tatu juu ya uchongaji wa vinyago. Mimi niliitwa katika ile ya kwanza, kwa namna niliyoieleza hapo juu. Shule hizo sizitaji, wala kampuni iliyofanya kazi, kwa kuwa kosa lililotokea lingeweza kutokea popote, na sehemu yake lilikuwa langu.

Filamu ilipokwisha ilionyeshwa darasani. Maneno ya msimulizi, niliyokuwa nimeyasahihisha upatanisho wa ngeli na kuyaacha mengine yalivyokuwa, yalikuwa haya: "Serikali iliamua kupunguza mifugo katika Ukambani ili kuhifadhi udongo. Maandamano yalifanyika hadi Nairobi. Hatimaye mifugo ilirudishwa." Taa zilipowashwa mtoto mmoja wa miaka saba akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, kwani ng'ombe walikuwa wamepotea?"

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, maana niliona mara moja kwamba mtoto yule alikuwa amesoma sentensi zangu vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Kabla ya kuichambua sentensi hiyo yafaa tukumbuke kisa, kwa faida ya msomaji aliye mbali na Ukambani. Katika miaka ya thelathini serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba ardhi ya Machakos inamomonyoka kwa sababu ya wingi wa ng'ombe. Kwamba udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba Wakamba walikuwa wamezungushiwa mipaka, na sehemu ya malisho yao ya zamani, kama vile upande wa vilima vya Mua, ilikuwa imegeuzwa mashamba ya walowezi. Mwaka 1938 maofisa wakaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Na mwaka huohuo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilianza kazi Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Watu wakaunda chama, Ukamba Members Association, na Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani katika vilima vya Iveti, akawa msemaji wake mkubwa. Mwishoni mwa mwezi wa Julai maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakapiga kambi Kariokor, wakangoja kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walingoja majuma. Gavana hakutaka kuonana nao pale. Mwezi wa Agosti alikwenda yeye Machakos kusema na watu. Muindi Mbingu akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu.

Sasa tuzirudie zile sentensi tatu. Ndani yake hamna mtu hata mmoja. Mna serikali, ambayo kwa mtoto wa miaka saba si mtu, mna mifugo, na mna maandamano, ambayo "yalifanyika" bila miguu ya yeyote. Katika sentensi ya mwisho kitenzi ki katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Mtoto wa Masii anajua vema maana ya ng'ombe kurudishwa: ng'ombe hukata kamba, akaingia shamba la watu, jirani akamrudisha. Hii ndiyo maana pekee ambayo sarufi ya msimulizi ilimruhusu kuipata. Hakuambiwa kwamba kuna mtu aliyewachukua.

Lipo pia neno "kupunguza". Hili ni neno la faili. Ofisa aliyekaa mezani, mwenye hesabu ya vichwa vya ng'ombe upande mmoja na hesabu ya ekari upande wa pili, kwake yeye ng'ombe walipunguzwa. Mtoto anajua kupunguza chai iliyojaa mno kikombeni, na kupunguza nywele zilizorefuka. Katika maisha yake kitendo hiki ni cha busara, na apunguzaye huwa ndiye mwenye mali. Basi kwa neno hilo moja filamu ilikuwa imekwisha kuamua kesi ya mwaka 1938 kabla ya Muindi Mbingu kufungua kinywa, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Aliyeandika muswada alilichukua neno katika kitabu, kitabu kililichukua katika taarifa za wilaya, nami nikalipitisha kwa kuwa viambishi vyake vilikuwa sawa.

Siku ile alikuwako darasani bibi mmoja mzee sana, nyanya wa mmoja wa walimu, aliyealikwa kama mgeni. Watoto walimwita susu, kama wamwitavyo bibi yeyote wa umri wake. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliokwenda Nairobi kwa miguu, naye alisimuliwa habari hizo tangu utotoni. Alinyamaza muda wote, kisha akamwambia mjukuu wake kwa Kikamba maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Hawakuwapunguza. Waliwachukua. Na mmoja alikuwa na ndama wa siku chache." Msomaji wa jarida hili ataona jambo ambalo mimi sikuliona mpaka niliporudi nyumbani: bibi huyu naye hakuwataja watendaji kwa jina, lakini kiambishi cha nafsi kilibaki mahali pake. Kulikuwa na watu, walikuja, waliwachukua. Hiki ndicho kipimo nilichokitumia tangu siku hiyo katika kuusoma muswada wowote wa historia ya watoto: kila kitendo kizito kiwe na kiambishi cha mtu.

Sisemi kwamba kauli ya kutendwa iharamishwe. Tukisema "Muindi Mbingu alikamatwa", jicho la mtoto labaki kwa Muindi Mbingu, na hapo ndipo tunapotaka libaki. Wala sisemi kwamba maofisa wachorwe kama mazimwi. Makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua yapo, na mtoto huyavuka akienda shuleni. Kumficha kwamba udongo ulikuwa unapotea ni kumdanganya kwa upande wa pili. Ninachosema ni kwamba aagizaye filamu hana budi kujua kuwa sarufi yake ni ushahidi, na kwamba mtoto mdogo, tofauti na mtu mzima, hana habari nyingine za kuusahihishia ushahidi huo.

Uagizaji wa filamu za kufundishia haukuanza leo katika Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri katika Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, wakazizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Sauti haikuwa katika utepe wa picha. Iliwekwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, ili lugha iweze kubadilishwa kulingana na mahali. Kwa ufundi mbinu hiyo ilikuwa ya akili. Lakini yaonyesha vilevile mahali lugha ilipowekwa: picha ni moja, imekwisha kuamuliwa, na lugha ni santuri ya kubadilishwa juu yake. Nikitazama jinsi nilivyoitwa Masii, naona kwamba baada ya miaka zaidi ya themanini bado tulikuwa tukibadilisha santuri.

Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit, iliyodumu mpaka 1955. William Sellers, aliyekuwa mkuu wake, alifundisha kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole, zisizorukaruka, zisizo na hila za kamera, kwa kuwa hangeweza kufuata nyingine. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili nchini Uingereza nilipata nafasi ya kutazama baadhi ya filamu hizo, na nakiri kwamba niliudhika kuona watu wazima, wakulima na wazee wa baraza, wakisemeshwa kama watoto wachanga. Jambo la ajabu ni kwamba kanuni zile, zikiondolewa kwa watu wazima na kupewa watoto wadogo hasa, nyingi zafaa. Mtoto wa miaka sita, awe wa Masii au wa London, hufuata vizuri zaidi picha itulizayo, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sellers alilichukua jambo la umri akalifanya jambo la rangi. Sisi tusilikatae jambo la umri kwa chuki ya kosa lake.

Nije sasa kwenye suala la njeo, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote kwa mwandishi wa Kiswahili. Kikamba, ambacho ndicho lugha ya nyumbani ya watoto hawa, hutenganisha ndani ya kitenzi chenyewe tendo la leo, tendo la siku chache zilizopita, na tendo la zamani. Kiswahili sanifu kina -li- tu. "Mama alikwenda sokoni" na "Kivoi alikwenda pwani" hazina tofauti ya njeo, ingawa mama alikwenda asubuhi hii, na Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui aliyempokea Krapf mwaka 1849, alikufa mwaka 1851. Mtoto azungumzaye Kikamba amezoea kuambiwa umbali wa wakati na kitenzi. Anapoingia katika Kiswahili, umbali huo hupotea, na msimulizi asipouweka mahali pengine, mambo yote yaliyopita huwa kama ya jana. Ndiyo maana mtoto mwingine siku ile alimwuliza susu kama alimwona Gavana.

Tarehe haziponyi tatizo hili. "1938" kwa mtoto wa Gredi ya 2 ni hesabu ambayo bado hajaifikia. Nashauri mwaka uandikwe kwenye picha kwa ajili ya mwalimu, bali msimulizi asiusome. Nashauri pia kuepuka mlango ambao watengenezaji wote huupenda, yaani "Hapo zamani za kale". Fomula hii ni mali ya ngano. Mtoto aisikiapo hujiweka tayari kwa Sungura na Fisi, na ana haki, maana ndivyo alivyofundishwa. Tukimwingiza Muindi Mbingu kwa mlango huo, tumekwisha kumweka katika nchi ambamo wanyama husema, na itatuchukua miaka kumtoa huko. Njia iliyofaa Masii ilikuwa ngazi ya watu: "Huyu ni wewe. Huyu ni mama yako. Huyu ni susu. Susu alikuwa bado hajazaliwa. Huyu ni baba wa susu. Ng'ombe walikuwa wake." Sentensi sita, nyuso nne, na hakuna njeo iliyotwishwa mzigo usioweza kuubeba.

Kuhusu -ka-, nitasema kidogo tu. Katika masimulizi ya mdomo -ka- huendesha kisa. Katika filamu picha yenyewe huendesha kisa, na msimulizi asemapo "wakaondoka, wakafika, wakaketi" huwa anashindana na kile mtoto anachokiona. Mimi huiacha -ka- kwa pale picha inaporuka jambo lisiloonyeshwa. Kwingineko msimulizi anyamaze.

Kunyamaza huku ni jambo la kuandikwa katika waraka wa maagizo, tena kwa hesabu, la sivyo halitapatikana. Mtengenezaji huona kimya kama fedha iliyopotea. Kwa watoto wadogo mimi hukadiria maneno sabini kwa dakika, basi filamu ya dakika tano iwe na maneno yasiyozidi 350. Ikumbukwe kwamba neno la Kiswahili ni refu: "hawakuwarudishia" ni neno moja, lakini ndani yake mna ukanushi, watendaji, wakati, watendewa na kitendo, na masikio ya mtoto yahitaji nafasi ya kulifungua. Muswada uliotafsiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno huonekana mfupi kwenye karatasi, kumbe ni mzito masikioni.

Waraka wa kwanza wa Masii ulikuwa ukurasa mmoja. Ulitaja muda, bei, tarehe ya kukabidhi, na kichwa cha habari. Haukutaja ng'ombe wa namna gani. Matokeo yake, katika filamu ya kwanza ng'ombe wa mwaka 1938 walikuwa wale wa maziwa, wenye mabaka meusi na meupe, wanene, wasio na nundu. Na waandamanaji walivaa shuka nyekundu ambazo mtoto yeyote wa Machakos angekuambia ni za Wamaasai. Picha hizo mtengenezaji alikuwa nazo tayari ghalani mwake. Hatukuwa na la kumlaumu kisheria, maana hatukuwa tumeandika.

Waraka wa pili tuliuandika tukianza na maneno. Ukurasa wa kwanza ulikuwa maandishi kamili ya msimulizi, kama yatakavyosemwa, pamoja na vituo vya kimya. Katika filamu za katuni hili si jambo geni: sauti hurekodiwa kwanza na mchoraji huchora akiifuata. Hivyo ndivyo mikono ya mhusika na mdomo wake vinavyopatana. Kipindi cha watoto cha Ubongo Kids, kilichoanza kuonyeshwa nchini Tanzania mwaka 2014, kimezoeza watoto wengi wa eneo letu kusikia Kiswahili kilichotungwa kiwe Kiswahili tangu mwanzo, na tofauti yake na vipindi vilivyotiwa sauti baadaye husikika hata na asiye mwanalugha. Filamu ya historia yenye watu halisi haina sababu ya kutofuata utaratibu huo. Baada ya maneno yakafuata mambo ambayo sharti yaonekane: ng'ombe wenye nundu, vibuyu vya maji, barabara ya vumbi, watoto wakitembea pamoja na wakubwa, kambi, na kungoja. Kungoja kulitupa taabu kubwa. Mtengenezaji alisema kungoja si tendo, hakuna cha kupigwa picha. Tukamjibu kwamba kungoja ndiko kulikokuwa tendo lenyewe. Watu walikaa Kariokor majuma ili waonwe. Mwishowe alipiga picha ya mtoto akilala, akiamka, akilala tena, mahali palepale. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watoto waliishika kuliko zote.

Tuliandika pia mambo ambayo yasiigizwe. Mtengenezaji alitaka kuonyesha wazee wakila kiapo, kwa kuwa picha ya namna hiyo huvutia. Wazee waliokaa pamoja nasi walikataa, si kwa sababu ya aibu, bali kwa sababu kiapo kwao si mchezo wa kuigizwa na watu waliokodiwa, na mtoto akiona mchezo atadhani ni mchezo. Niliona hoja hiyo ni ya kitaaluma kama hoja yoyote niliyoisikia katika semina.

Kabla ya kamera kutoka tulifanya jambo ambalo halikugharimu hata shilingi. Tuliwasomea watoto wanane maneno ya msimulizi, bila picha, kisha tukawaomba watusimulie. Kila mahali walipokosea tulibadilisha sentensi, si mtoto. "Gavana hakuwaona" tuliifuta, kwa kuwa watoto watatu walielewa kwamba Gavana alikuwa kipofu au kwamba watu walijificha. Tukaandika: "Walisema, tunataka kusema na Gavana. Gavana alisema, sitaki." Mwalimu mmoja aliona maneno hayo hayana heshima. Labda. Lakini hapakuwa na mtoto aliyeyaelewa vibaya.

Lugha iwe ipi? Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, unaelekeza kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na Masii lugha hiyo ni Kikamba. Jibu rahisi ni sauti mbili juu ya picha moja, na vishikwambi vilivyogawanywa shuleni tangu mwaka 2016 vyaweza kubeba zote mbili. Lakini tusirudie santuri za Vugiri. Maneno ya Kikamba na ya Kiswahili yaliandikwa kwa pamoja, meza moja, na mara kadhaa Kiswahili kilirekebishwa kifuate Kikamba. Kitenzi "kuchukua" mahali pa "kupunguza" kilitoka huko.

Filamu ya pili ilinifurahisha zaidi, na naomba ruhusa ya kukaa nayo kidogo, maana ina neno ambalo wasomaji wa jarida hili watalithamini. Mashamba ya Machakos yamejaa matuta yafuatayo mzingo wa kilima. Aina iliyoenea kuliko zote huitwa fanya juu: mkulima huchimba mtaro, na udongo autoao huutupa upande wa juu wa mtaro, hata ukawa ukingo; mvua za miaka zikaujaza ukingo huo nyuma yake, na shamba likajigeuza ngazi. Neno hili la Kiswahili limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza duniani kote, bila kutafsiriwa. Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyopata safari kama hiyo kutoka shambani.

Ukilitazama kisarufi ni kitenzi cha kuamrisha. Mtu mmoja anamwamuru mwingine: fanya! Na hakika katika miaka ya thelathini na arubaini kazi ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa ya amri, watu wakitolewa kwa zamu za lazima, na wengi waliichukia. Lakini matuta ya fanya juu yalienea kuanzia miaka ya hamsini kwa sababu wakulima wenyewe waliyaona yanafaa, wakayachimba na familia zao na katika vikundi vya mwethya, yaani kazi ya ushirika ya majirani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, More People, Less Erosion, walionyesha kwamba kati ya miaka ya thelathini na 1990 watu wa Machakos waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi kama 1,400,000, na udongo ukazidi kuhifadhiwa badala ya kupotea. Kwa hiyo amri iligeuka kuwa jina la kitu, na kitu kikawa mali ya waliokuwa wakiamriwa. Jambo hili laweza kuonyeshwa kwa mtoto wa miaka saba bila neno gumu hata moja: kwanza mtu aliyesimama anasema "Fanya juu!" na aliyeinama anachimba, kisha, kamera ikiwa palepale, mama anachimba shambani mwake, na mtoto anauliza, "Hii ni nini?" naye anajibu, "Fanya juu yetu." Neno ni lilelile. Toni ya sauti na kiwakilishi "yetu" vinatosha.

Nilipendekeza filamu hii iwe ya kwanza katika mfululizo, si ya pili, kwa sababu yaanza na kitu ambacho mtoto hukikanyaga kila asubuhi, na kwa kitu hicho yarudi nyuma hadi kwa ng'ombe na udongo wa mwaka 1938. Pendekezo lilikubaliwa.

Ya tatu bado iko katika karatasi. Yahusu Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye husimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijifunza uchongaji kwa Wazaramo huko Tanganyika, akarudi nao nyumbani, na kwamba kutoka kwake ufundi ulienea mpaka Wamunyu ikajulikana kwa vinyago. Kisa ni kizuri na kitu chenyewe, kinyago, kimo mikononi mwa watoto. Shida yangu ni neno "husimuliwa". Mtu mzima hulielewa kama tahadhari ya mwanahistoria. Mtoto hana njeo wala kauli ya kuwekea jambo lisilo na hakika kamili. Kwa sasa tumeandika, "Wazee wa Wamunyu wanasema," na picha ianze na mzee halisi akisema, ili mtoto aone kwamba habari ina mdomo iliyotokea.

Yabaki mambo ya ofisi. Filamu itakayotumiwa darasani yapasa kupitiwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na ya kuonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Kuainisha Filamu. Muswada upelekwe mapema, kabla ya upigaji picha. Katika mkataba hakimiliki ya maneno iandikwe mbali na hakimiliki ya picha; sisi hatukufanya hivyo mara ya kwanza, na tulipotaka kubadilisha sentensi tatu tulidaiwa ada mpya. Malipo yagawanywe, na fungu la kwanza lilipwe maneno yanapokubaliwa, hapo ndipo mtengenezaji atakapoyasoma.

Toleo la pili la filamu ya maandamano lilionyeshwa katika darasa lilelile, ingawa watoto wa kwanza walikuwa wamekwisha kupanda gredi. Susu hakuweza kufika, miguu ilikuwa ikimsumbua, basi mjukuu wake akampelekea kishikwambi nyumbani. Aliitazama mara mbili. Kisha akasema kwamba ng'ombe hawa angalau wana nundu, na akauliza ndama yuko wapi. Tumemwandikia mtengenezaji.